Jinsi ya kulinganisha programu za kutengenezea muziki kwa wimbo mmoja: mwongozo kamili

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nitumie programu gani?" Anayeuliza huwa ameshasakinisha tano, ametazama video za kulinganisha hadi usiku wa manane, na bado hana wimbo hata mmoja uliokamilika. Simlaumu. Kosa liko kwenye namna ya kulinganisha. Mtu anafungua programu mpya kwa nusu saa, anahangaika kutafuta pa kubadilishia kasi, anarudi kwenye ile aliyoizoea na kutangaza kwamba hiyo ndiyo bora. Nusu saa hiyo alikuwa anapima ugeni wake tu.

Jaribio lililo hapa chini linatumia wimbo mmoja, programu mbili au tatu, na kazi zilezile, kila kazi mara mbili. Raundi ya kwanza inaondoa ugeni. Raundi ya pili ndiyo tunayoihesabu. Ukitenga saa moja hadi mbili kwa siku, wiki mbili zinatosha.

## Vitu vya kuandaa

Viweke vyote mezani kwanza. Ukianza kutafuta waya katikati ya kazi, muda utakaoandika hautakuwa wa programu.

- Kompyuta unayoitumia kila siku. Usijaribie kwenye mashine ya kuazima yenye nguvu kuliko yako. Majibu hayatakusaidia ukirudi kwenye ya kwako.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski. Programu zenyewe si kubwa sana, ila maktaba za sauti zinazoambatana nazo hula gigabaiti nyingi. Wakati wa majaribio sakinisha maktaba ndogo tu.
- Kadi ya sauti na maikrofoni, kama unarekodi sauti au ala za kweli.
- Hedifoni za waya. Za Bluetooth weka pembeni. Huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na utailaumu programu kwa kosa lisilo lake.
- Kibodi ya MIDI (hutuma kwa kompyuta noti unazopiga, si sauti yenyewe), kama unayo. Kama huna, programu nyingi hukuruhusu kucheza noti kwa kibodi ya kompyuta.
- Plagini moja ya bure (programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya muziki) inayofanya kazi kwenye programu zote unazolinganisha. Kompresa (inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) au mwangwi inatosha.
- Daftari la karatasi, kalamu na saa. Nasisitiza karatasi, kwa sababu ukiandika kwenye kompyuta utakuwa unatoka na kuingia kwenye dirisha la programu kila mara.

## Hatua ya 1: Orodhesha kazi unazofanya kweli

Kumbuka nyimbo tano za mwisho ulizozigusa, hata zile zilizoishia njiani. Kwa kila moja, andika saa zako zilikwenda wapi: kujenga biti (mdundo wa wimbo), kucheza ala, kurekodi sauti, kukatakata sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa), kupanga beti na viitikio, kumiksi (kusawazisha sauti zote ziwe wimbo mmoja), kutumiana faili na mwenzako. Kisha chagua kazi tatu zilizokula muda mwingi na uzipange kwa uzito.

Sababu ni kwamba kila programu imejengwa kuanzia kazi fulani, na kazi hiyo ndiyo inayoteleza. FL Studio inaanzia kwenye paterni: unajenga kipande kifupi, halafu unakitandaza kwenye Playlist. Ableton Live ina Session View, gridi ya klipu (vipande vifupi vya sauti au noti) zinazozunguka bila kufuata mstari wa muda, na pamoja nayo Arrangement View ya kupanga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Pro Tools inasimama juu ya madirisha mawili, Edit na Mix, kwa hiyo aliyezoea kurekodi na kukata sauti hujiona yuko nyumbani. Logic Pro na Cubase zinaanzia kwenye mstari wa muda na zina zana nyingi za noti na za sauti kwa pamoja. Reaper ni tupu zaidi ya zote unapoifungua, haiji na ala nyingi, lakini karibu kila kitu unaweza kukipanga upya. Hata traki yake (mstari mmoja wa sauti au ala) haibagui kama ndani umeweka sauti au MIDI.

Tahadhari: Andika unachofanya, usiandike unachotamani kufanya siku moja. Nimeona watu wakichagua programu kwa ajili ya maonyesho ya jukwaani ambayo hawajawahi kuyafanya, wakati kila wiki wanarekodi waimbaji watatu.

Umefanikiwa kama una mistari mitatu tu, na mtu anayekujua akiisoma atasema: kweli, hizi ndizo kazi zako.

## Hatua ya 2: Chuja kwa mambo yasiyo na mjadala

Kuna maswali yanayoiondoa programu kwenye orodha kabla hujaigusa. Jibu yote manne.

Inafanya kazi kwenye mfumo wako? Logic Pro na GarageBand ni za vifaa vya Apple peke yake. FL Studio, Live, Cubase, Pro Tools na Studio One zipo kwa Windows na macOS. Ukitumia Linux, angalia Reaper, Bitwig Studio na Ardour.

Inapokea plagini zako? Hapa wengi huumia baada ya kulipa, kwa sababu plagini hutolewa kwa miundo tofauti: AAX, AU na VST. Pro Tools inatumia muundo wa AAX tu. Logic Pro inatumia AU tu. Cubase inataka VST, hata ukiwa kwenye Mac. Live, FL Studio, Studio One na Reaper hupokea VST, na kwenye Mac hupokea AU pia. Pitia plagini unazozitegemea, moja baada ya nyingine, uone kama mtengenezaji anatoa muundo unaohitajika.

Unaofanya nao kazi wanatumia nini? Kama kila wimbo wako unakwenda kwa fundi wa kumiksi mwenye Pro Tools, hulazimiki kuwa nayo, maana stemu (kila traki ikiwa faili yake ya sauti) zitatosha. Lakini kama wewe na mwenzako mnapokezana projekti ileile mara kumi kwa wiki, tumieni programu moja. Sijaona njia nyingine iliyodumu.

Toleo la majaribio linaruhusu nini? Reaper inakupa siku 60 ikiwa na uwezo wake wote. Toleo la majaribio la FL Studio halina kikomo cha siku, na unaweza kuhifadhi projekti, ila huwezi kuifungua tena hadi uwe na leseni. Pro Tools Intro ni ya bure, na kikomo chake ni traki 8 za sauti, 8 za ala na 8 za MIDI. Soma masharti haya mapema, kwa sababu yanabadilisha namna ya kufanya jaribio. Kwa FL Studio, kwa mfano, panga kumaliza kila kazi kwa mkao mmoja na kutoa faili ya WAV kabla hujafunga.

Usichanganye toleo la majaribio na toleo dogo la kununua. Jaribio mara nyingi linafungua kila kitu. Toleo dogo linaweza kuwa na traki chache au kukosa zana uliyoipenda kwenye majaribio. Kabla ya kulipa, fungua jedwali la kulinganisha matoleo kwenye tovuti ya watengenezaji na utafute zile kazi zako tatu.

Umefanikiwa kama umebaki na programu mbili. Tatu ni mwisho. Zikiwa nne hutamaliza.

## Hatua ya 3: Tengeneza furushi la majaribio

Fungua folda moja na uweke ndani yake:

1. Biti moja uliyoimaliza zamani na unayoijua vizuri, ikiwa WAV moja ya stereo.
2. Sampuli sita: kiki, snea, haihati, kofi, besi na sauti moja ya ziada.
3. Faili ya MIDI yenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) za biti hiyo.
4. Rekodi tatu ghafi za kiitikio kilekile, WAV za biti 24 (hapa biti ni kipimo cha undani wa sauti, si mdundo), kilohezi 48, bila mwangwi wala kompresa.
5. Karatasi yenye kasi ya wimbo, ufunguo wake, na mpangilio: utangulizi baa 4 (baa ni fungu la mapigo, mara nyingi manne), ubeti baa 16, kiitikio baa 8, na kadhalika.

Tunatumia biti ya zamani makusudi. Ungetunga kitu kipya, programu ya pili ingefaidika na mawazo uliyoyapata kwenye ya kwanza, na siku yenye msukumo ingeishinda siku ya uchovu. Hapa unanakili. Kichwa hakina cha kubuni, kwa hiyo kinachobaki kuchelewesha ni programu na mikono yako.

Usihofu ukubwa wa faili. Sauti ya mono ya biti 24 kwa kilohezi 48 ni takribani megabaiti 8.6 kwa dakika.

## Hatua ya 4: Sawazisha kadi ya sauti na bafa

Hatua hii watu huiruka, halafu inaharibu kila kinachofuata. Nitaieleza kwa kituo.

Sauti ikiingia kwenye maikrofoni haifiki masikioni papo hapo. Kompyuta huikusanya kwa mafungu, kila fungu likiwa na idadi fulani ya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, si zile sampuli za kiki na snea. Fungu hilo ndilo bafa. Bafa ikiwa kubwa, kompyuta inapumua na plagini zinapita bila mikwaruzo, lakini mwimbaji anajisikia akiwa amechelewa. Bafa ikiwa ndogo, anajisikia mara moja, lakini kompyuta inahema.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya bafa kwa kiwango cha sampuli. Bafa ya 128 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 2.7. Bafa ya 1024 ni milisekunde 21.3. Hiyo ni safari ya upande mmoja tu. Sauti inaingia na inatoka, kwa hiyo zidisha mara mbili, kisha ongeza kidogo kwa kazi ya kadi yenyewe. Kwa bafa ya 1024 umeshapita milisekunde 42. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja hewani. Maana yake mwimbaji anajisikia kama vile spika yake iko zaidi ya mita 14 kutoka aliposimama.

Niliwahi kumrekodi binti mmoja mwenye sauti ya ajabu. Kila teki (jaribio moja la kurekodi) ilikuwa nyuma ya mdundo. Alianza kutoa sikio moja la hedifoni, kisha akawa anafumba macho na kupiga kidole pajani ili asipotee. Baada ya teki ya nane aliomba msamaha, akasema labda leo hayuko sawa. Nilikuwa nimeshaanza kukubaliana naye, hadi nilipofungua mipangilio nikakuta bafa imesimama kwenye 1024 tangu kazi ya kumiksi ya jana yake. Nikaishusha hadi 128. Teki iliyofuata ndiyo iliyobaki kwenye wimbo. Tangu siku hiyo sianzi kurekodi mtu kabla sijaitazama namba hiyo kwa macho yangu.

Fanya hivi kwenye kila programu unayoilinganisha:

1. Ukiwa kwenye Windows, chagua dereva ya ASIO (inayounganisha programu na kadi kwa ucheleweshaji mdogo) iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako. Kama kadi haina dereva yake, ASIO4ALL inaweza kusaidia. Kwenye Mac, Core Audio, mfumo wake wa sauti, ipo tayari. Chagua kadi yako tu.
2. Weka kilohezi 48 kwenye programu zote.
3. Weka bafa 128 kwa kurekodi. Ukisikia mikwaruzo, panda hadi 256, na upande kwenye programu zote kwa pamoja.
4. Zima plagini zinazochungulia sauti mbele kabla ya kuifanyia kazi, kama vile limita za kumastaria (zinazozuia sauti isipite kiwango kwenye hatua ya mwisho ya wimbo). Hizo huongeza ucheleweshaji wake zenyewe, hata bafa ikiwa ndogo.
5. Imba au piga makofi kwenye maikrofoni ukiwa umevaa hedifoni.

Tahadhari: Usilinganishe mita za nguvu ya kompyuta za programu mbili. Hazihesabu kwa namna moja, kwa hiyo asilimia 40 ya hapa si asilimia 40 ya pale. Kama unataka kujua ipi ni nyepesi kwa mashine yako, chukua ile plagini yako ya bure, iongeze moja moja kwenye traki zinazocheza, uhesabu zilikuwa ngapi mikwaruzo ilipoanza.

Umefanikiwa kama unapiga kofi na kusikia kofi moja, wala si kofi na kivuli chake.

## Hatua ya 5: Jenga biti ya baa 8

Sasa saa inaanza. Fungua projekti tupu, weka kasi, ingiza sampuli, nakili biti yako kwa masikio: ngoma, besi, kodi kutoka kwenye faili ya MIDI. Lengo ni baa 8 zinazozunguka bila kukatika.

Andika mambo mawili tu: dakika ulizotumia, na kila mahali ulipokwama. Kukwama maana yake ni kwamba ulijua unachotaka, na mkono ukasimama kwa sababu hukujua pa kukipata. Ukurasa wa daftari langu la siku ya kwanza na programu moja ulisomeka hivi:

> Biti, raundi 1. Dakika 41. Nimekwama 7. Kasi: nimeipata haraka. Kuingiza snea: sawa. Kubadilisha nguvu ya haihati moja moja: nimetafuta dakika 6. Kurefusha lupu hadi baa 8: nimekwama mara 2. Kunakili noti: kitufe tofauti na nilichozoea.

Na raundi ya pili, siku tatu baadaye:

> Biti, raundi 2. Dakika 17. Nimekwama 2. Nguvu ya haihati: bado ni hatua nyingi. Kurefusha lupu: bado.

Ziangalie hizo mbili zilizobaki. Tano zilikuwa za ugeni, zikayeyuka zenyewe. Mbili zimejengwa ndani ya programu au ndani ya namna yangu ya kufikiri, na zitanisumbua mwaka mzima. Hizo ndizo nilizozitafuta. Kama kazi yako ya kwanza kwenye orodha ni ngoma zenye haihati za kutetemeka, kukwama huko kuna uzito kuliko sifa ishirini kwenye tangazo.

Tahadhari: Ukikwama zaidi ya dakika tano, fungua msaada wa programu yenyewe, pata jibu, andika, endelea. Usifungue video. Utatoka huko baada ya saa nzima ukiwa na wazo la programu nyingine.

## Hatua ya 6: Rekodi sauti na uunganishe teki

Ingiza biti ya stereo kwenye projekti mpya. Rekodi kiitikio mara tano mfululizo kwa mzunguko, bila kusimamisha. Kisha jenga teki moja nzuri kutoka kwenye hizo tano: mstari wa kwanza kutoka teki ya pili, neno moja kutoka teki ya nne, na kadhalika. Kama huimbi wala huna maikrofoni, tumia rekodi tatu zilizo kwenye furushi.

Kwa anayerekodi waimbaji, kazi hii peke yake inaweza kuamua kila kitu, kwa sababu unairudia kwa kila ubeti wa kila wimbo. Logic Pro inakuruhusu kupitisha kipanya juu ya sehemu unayoitaka ndani ya folda ya teki, nayo inaunganisha yenyewe. Pro Tools inahifadhi teki kama orodha mbadala ndani ya traki na unapandisha vipande unavyovichagua. Cubase ina njia zilizopangwa chini ya traki na zana maalumu ya kuchagulia. Ableton Live ilipata njia za teki kwenye toleo la 11 mwaka 2021. Reaper iliboresha sana jambo hili kwenye toleo la 7, mwaka 2023. Kwenye FL Studio, fanya kazi hii kwa makini zaidi kuliko zote, kwa sababu imejengwa kuanzia kwenye paterni, na wewe ndiye utakayejua kama namna inavyopanga klipu za sauti inakutosha.

Tazama mambo matatu. Je, unaweza kusikiliza teki ya tatu bila kuigusa ya pili? Je, kwenye maungio programu inaweka mpito laini yenyewe, au unasikia "tak" ndogo kila unapounganisha? Na je, kesho ukibadilisha mawazo kuhusu neno moja, teki za zamani bado zipo?

Tahadhari: Rekodi kwa kiwango ambacho vilele havipiti dB (desibeli) -6 kwenye mita. Biti 24 inakuachia nafasi ya kutosha. Huna sababu ya kuisukuma sauti hadi nyekundu.

Umefanikiwa kama mtu mwingine akisikiliza kiitikio hawezi kuonyesha pa maungio.

## Hatua ya 7: Panga wimbo mzima

Tandaza baa zako 8 kufuata karatasi ya mpangilio. Kisha fanya hila moja: hamisha kiitikio cha pili kije baa 8 mapema, pamoja na kila kitu kilicho juu yake, sauti na otomesheni (mabadiliko ya viwango uliyoyachora). Programu ikihamisha vyote kwa pamoja, vizuri. Ikiacha otomesheni nyuma, tafuta mpangilio unaoifunga otomesheni kwenye klipu kabla ya kuihukumu. Mara nyingi upo. Andika muda, songa mbele.

## Hatua ya 8: Kumiksi, na madai kwamba "hii ina sauti nzuri"

Ingiza traki zako, weka viwango, ongeza ikwalaiza na kompresa kwenye sauti, tuma sauti mbili kwenye mwangwi mmoja wa pamoja, chora otomesheni ya feda (kitelezi cha sauti cha traki) kwenye kiitikio. Pima muda na kukwama kama kawaida. Tazama hasa njia za kutuma na makundi: ni mibofyo mingapi hadi traki sita za sauti za nyuma ziwe chini ya feda moja?

Halafu kuna suala linalozua mabishano kuliko yote. Watu huapa kwamba programu fulani "ina joto" na nyingine "ni kavu". Usimwamini mtu, hata mimi. Pima mwenyewe:

1. Ingiza WAV ileile ya stereo kwenye programu mbili, kilohezi zilezile, feda zote kwenye 0, bila plagini yoyote.
2. Toa WAV ya biti 24 kutoka kila moja.
3. Weka matokeo yote mawili kwenye projekti moja, yakianzia nukta ileile.
4. Geuza polariti ya moja, yaani mawimbi yake yapinduliwe juu chini, yafute ya nyingine. Cheza.

Utasikia ukimya, au kilichobaki kitakuwa chini mno kiasi cha kutosikika. Hesabu za kujumlisha sauti ni zilezile kila mahali.

Mbona basi watu wanasikia tofauti? Sababu ya kwanza ni sheria ya pani (kuiweka sauti kushoto, katikati au kulia): programu hutofautiana ni kwa dB ngapi zinapunguza sauti ya mono iliyo katikati ikilinganishwa na iliyo pembeni. Ukihamisha traki za mono kutoka programu moja kwenda nyingine na kurudisha namba zilezile za feda, mizani inabadilika. Sheria hiyo mara nyingi inabadilishwa kwenye mipangilio. Sababu ya pili ni kwamba projekti mpya za baadhi ya programu huja na limita kwenye traki kuu. Angalia hapo kwanza, uiondoe. Ya tatu ni lupu na sampuli zinazonyooshwa zifuate kasi. Kila programu ina njia yake ya kunyoosha, na hapo kweli tofauti ipo, unaweza kuisikia. Ya nne ni sauti kubwa kidogo. Ikipanda hata dB 1, sikio linaipenda. Sawazisha viwango kabla hujasema neno.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakitupa miaka ya uzoefu, wakahamia programu mpya kwa ajili ya "joto" lililokuwa limita iliyosahaulika kwenye traki kuu.

## Hatua ya 9: Toa stemu, funga, kisha fungua tena

Toa kila traki kama WAV yake, biti 24, zote zikianzia nukta ya sifuri hata kama sauti inaingia dakika ya pili. Zifungue kwenye programu nyingine unayoilinganisha. Zikikaa sawa na mdundo bila kusogezwa, umefaulu. Rekodi muda, maana programu nyingine hutoa traki zote kwa amri moja na nyingine hukutaka uchague moja moja. Kama programu zako mbili zinatumia muundo wa DAWproject, uliotolewa mwaka 2023 na Bitwig na PreSonus, jaribu pia kuhamisha projekti yenyewe. Unaweza kubeba klipu na otomesheni, si sauti peke yake.

Kisha funga kila kitu. Baada ya siku mbili, sogeza folda ya projekti mahali pengine kwenye diski na uifungue. Ikidai faili zimepotea, maana yake sampuli zilikuwa zinasomwa kutoka zilipokuwa mwanzo na hazikunakiliwa ndani ya projekti. Tafuta amri ya kukusanya faili zote, uiandike kwa herufi kubwa kwenye daftari. Nyimbo nyingi zimekufa kwa kukosa amri hii.

## Hatua ya 10: Raundi ya pili na uamuzi

Rudia hatua ya 5 hadi ya 9, safari hii ukianza na programu iliyokuwa ya mwisho. Kubadilisha zamu kunazuia ile ya kwanza isipate hasara ya kuwa ya kwanza kila mara. Ukiwa na programu iliyokataa kufungua projekti zake za majaribio, ruka sehemu ya kufungua tena.

Sasa funika raundi ya kwanza kwa mkono. Soma ya pili tu, na usome kazi zako tatu za hatua ya 1 tu. Programu yenye kukwama kuchache kwenye kazi namba moja inashinda, hata kama imezidiwa kwenye nyingine zote. Zikilingana, tazama kazi namba mbili. Zikilingana tena, chukua ile ambayo toleo lake dogo linakutosha, au ile anayoitumia mtu unayeweza kumuuliza usiku ukikwama.

Dakika zitumie kama ushahidi wa pili. Tofauti ya dakika tatu si kitu. Kukwama mahali palepale mara mbili ni kitu.

## Baada ya kuchagua

Usiifute programu ya zamani. Kwanza fungua kila wimbo uliobaki humo, toa stemu zake, andika kasi na ufunguo kwenye jina la folda, na uhifadhi picha ya skrini ya plagini za traki muhimu. Programu mpya haitafungua projekti za ile ya zamani, isipokuwa zikiwa ndugu: projekti ya GarageBand, kwa mfano, hufunguka kwenye Logic Pro.

Halafu tengeneza projekti tupu ya kuanzia: traki za sauti zikiwa na majina, mwangwi wa pamoja tayari, kundi la sauti za nyuma, traki kuu bila limita. Ihifadhi kama kiolezo. Kwenye karatasi, andika njia za mkato kumi za kibodi unazozitumia zaidi, zikiwemo zile za mahali ulipokwama raundi ya pili, na uibandike pembeni ya skrini. Wimbo wa kwanza utakaofungua ndani yake uwe ule ulioishia njiani ukiwa umebakiza kidogo kuliko mingine yote.